Injini ya Baba Mdogo

"Njoo, mwanangu, baba yako mdogo ametutoka," mama mdogo aliniambia kwenye simu. "Na boneti ya gari lake bado iko wazi. Naogopa kuigusa." Alikuwa na sababu ya kuogopa. Boneti ile ilifungwa na mtu mmoja tu, kwa viganja viwili, taratibu, kama anayelaza mtoto. Ndani yake injini ilivishwa boliti za rangi ya dhahabu na zambarau ambazo hazikushika chochote. Zilikuwa pambo tu. Baba mdogo, Mungu amsamehe, alizisugua kwa mswaki kila Jumapili asubuhi akinong'ona tenzi, wakati sisi wengine tukienda kanisani kwa miguu kuziimba. "Leo utanipeleka?" mama mdogo alimuuliza kila mara, ameshavaa viatu. "Barabara ina vumbi, mke wangu. Jumapili ijayo, Mungu akipenda." Wageni wakija hakuwaonyesha viti vya gari. Aliwaonyesha injini, na sauti yake ilishuka kama yuko madhabahuni.

Siku ya mazishi kaka yangu aliishusha boneti, akaliendesha gari lile nyuma ya jeneza. Mama mdogo alikaa mbele kwa mara ya kwanza, na hakukung'uta viatu. Tulipofika makaburini alifungua boneti mwenyewe. Boliti zote zilikuwa na rangi moja, ya vumbi. "Umeona?" alisema, akiligeukia jeneza. "Tumefika, na hakuna hata moja iliyodondoka." Kisha akaifunga boneti kwa viganja viwili, taratibu, na tukamzika baba mdogo.