Fundi Asiyeonekana Kwenye Simu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi mdogo na kigoda, nikaambiwa nikate nyuzi, zile zinazobaki zikining'inia sare ya shule ikishashonwa. Karakana ilikuwa ghorofani, katikati ya jiji la Nairobi. Fundi Mkuu, mzee mkali kama pilipili, alinipa sheria moja tu: "Hapa nguo ndiyo inasema nani amefanya kazi. Mdomo peleka kanisani." Kila fundi alikuwa na namba yake, iliyoandikwa kwenye kipande cha utepe na kushonewa ndani ya nguo. Mshono ukifumuka, nguo inarudi kwa mwenyewe.

Nilipanda polepole, kutoka nyuzi hadi cherehani, kutoka cherehani hadi meza ya kukata. Tulipohamia Hurlingham nikawa msimamizi wa mafundi tisa. Hapo ndipo corona ilipotukuta.

Karakana ilikuwa na madirisha mawili tu, kwa hiyo vyerehani vilipelekwa nyumbani kwa mafundi. Mimi niliwapelekea vitambaa vilivyokatwa, vimefungwa bando bando, kisha nikachukua magauni ya hospitali yaliyokwisha kushonwa. Mkurugenzi, kijana aliyerithi biashara ya babake, aliona hiyo haitoshi. Alitaka kila fundi awashe video ya simu tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, amwone akishona. Asiyeonekana, nimwandike mtoro. Utoro wa siku tatu ulikuwa barua ya kufutwa kazi.

Nami, mtu mzima na akili zangu, nikakubali! Fundi wangu mmoja, Nekesa wa Kangemi, hakuonekana Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Nikaandika. Alhamisi Mkurugenzi akasema, "Barua yake niipate kesho asubuhi."

Siku hiyo nilikuwa na zamu ya kuchukua nguo Kangemi. Nilimkuta Nekesa kwenye cherehani, magauni yamejaa kitandani. Simu ilikuwa kwa binti yake wa darasa la nane, aliyekaa sakafuni akinakili hesabu walizotumiwa na mwalimu.

"Madam, simu ni hiyo moja," Nekesa akaniambia bila kusimamisha mguu. "Nikiweka hiyo video yenu, Mercy atasoma na nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nimesikia tu kwa wenzangu umeniandika absent."

Niliona aibu, nikabeba magauni yake nikaondoka.

Ijumaa niliyamwaga mezani kwa Mkurugenzi, nikaanza kuyageuza ndani nje, kwenye utepe wa Nekesa. Namba saba. Namba saba. Namba saba tena.

"Barua iko wapi?" akauliza.

"Sijaandika, na siandiki."

"Mama Mutheu, rules ni rules. Kama simwoni, nitajuaje anafanya kazi?"

"Geuza nguo. Babako alikuwa anajua hivyo. Kuna mwingine hapa umemwona kwa simu tangu Monday, amekaa smart kama wa picha ya passport, na bando yake ya kwanza ya vitambaa bado haijaisha. Ukitaka kumfuta Nekesa, anza na mimi."

Alishika gauni moja, akauvuta mshono kwa nguvu. Haukufumuka.

"Sawa. Wazime hizo video," akasema kwa hasira. "Lakini magauni yakichelewa, ni wewe."

"Ni mimi," nikamjibu. Hayakuchelewa.

Nasikia siku hizi kuna mitambo ya kumhesabia mfanyakazi kila anapogusa kompyuta akiwa kwake. Hesabuni! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyinyi vijana mnaosimamia watu, kabla hamjamwandika mtu, mwendeeni. Hata kumpigia tu mkamuuliza, hamtakufa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mkurugenzi alisimama na soda mkononi akasema, "Huyu mama ana kichwa ngumu sana." Watu wakacheka, nami nikacheka kuwazidi. Ni kweli, na sijakibadilisha tangu nirudi kukaa kwangu Waithaka. Najutia tu zile siku tatu kilipolainika, nikamwita mtoro mwanamke aliyekuwa anashona.