Rejista Iliyoanzia Saa Moja

Siku ya kwanza niliripoti kazini nimevaa shati jeupe la kuazima, na mfukoni nina kalamu mbili, moja ya wino wa buluu na moja ya wino mwekundu. Kiwanda chetu kilikuwa cha sabuni, nje kidogo ya Kibaha, ukishika njia ya kwenda Zegereni. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na hati yangu ilikuwa nzuri kweli, sijisifu bure. Ndiyo iliyonipatia kazi ya ukarani wa mahudhurio.

Karani Mkuu alikuwa mzee wa Kinyasa mwenye kaptula zilizonyooka pasi. Alinikabidhi kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akanitazama kwa juu ya miwani.

"Kijana, rejista ni uso wa kiwanda," akasema. "Mkaguzi akija haoni sabuni, anaona kitabu hiki. Nikikuta umefuta-futa humu, kesho usije."

Maneno yale yaliniingia, na yaliniingia vibaya, kama mtakavyoona.

Ninyi vijana wa leo mnaambiwa gusa hapa kwa kidole, mashine inajua umefika. Wakati wetu mambo yalikwenda hivi. Getini mlikuwa na daftari la mlinzi, karatasi zake za hovyo, limeandikwa kwa penseli. Kila aingiaye, mlinzi alimwandika na saa yake. Kila Jumamosi daftari lile nililetewa mezani, nami nikalihamishia kwenye rejista kwa wino. Tuliita kunakili safi. Rejista ilikuwa imechapwa safu za saa, ya kwanza saa moja asubuhi, ya mwisho saa kumi jioni. Aliyeingia saa moja aliwekewa alama kwenye safu yake, na kutoka ilihesabiwa kwamba katoka saa kumi na wenzake, isipokuwa awe ameomba ruhusa. Ruhusa iliandikwa kwa wino mwekundu.

Nikishanakili, daftari la getini halikuwa na kazi tena. Nilikuwa nalipeleka kwa mtu wa boila akawashie moto.

Mtu wa boila ndiye Mzee Shomari, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mpole, nyusi zimeungua mara nyingi hata hazioti vizuri. Boila ni lile tangi la chuma linalochemsha maji mpaka yawe mvuke, na mvuke ndio uliopika sabuni kwenye masufuria makubwa. Sasa, boila haliamki kama mtu. Lapaswa kulishwa kuni na makumbi ya nazi saa mbili nzima kabla mvuke haujafikia nguvu yake. Wafanyakazi wakiingia saa moja wakute boila limepoa, kiwanda kizima kinakaa kinapiga soga. Kwa hiyo Mzee Shomari aliingia saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa aliingia mapema, alitoka saa nane mchana, msaidizi wake akabaki kuangalia moto mpaka jioni. Saa zake zilikuwa sawasawa na za wote.

Ruhusa hiyo aliipata kwa Mhandisi Mkuu wa wakati ule, kwa mdomo. Mimi nilikuwepo. Mhandisi alisema, "Mvuke hausubiri kengele, Shomari. Njoo mapema, ondoka mapema." Yakaishia hapo, hakuna aliyeandika barua.

Na mimi? Safu ya saa kumi na moja alfajiri haikuwepo kwenye rejista. Ningeweza kuandika pembeni, kwenye nafasi nyeupe ya ukurasa. Lakini ukurasa ungechafuka. Basi daftari la mlinzi likisema Shomari kaingia saa kumi na moja na dakika tano, mimi nilimwekea alama saa moja, alama nzuri iliyonyooka, mwaka baada ya mwaka. Kisha nikampa Shomari daftari akalichome. Alikuwa akilipokea kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante, Karani wangu, leo moto utashika upesi." Kila wiki mzee yule alichoma ushahidi wake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemletea.

Miaka michache baada ya Azimio, kiwanda kikawa cha umma. Mhandisi Mkuu akarudi kwao, Karani Mkuu akastaafu, tukaletewa Afisa Utumishi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana msomi, mwenye ari, na sikatai kwamba palikuwa na wavivu waliohitaji mtu kama yeye. Wako waliokuwa wakiingia saa moja, saa tatu wako mtaani Tangini wanakunywa chai. Siku moja alisimama getini mchana, akamwona Mzee Shomari anatoka saa nane na kikapu chake mkononi. Kesho yake akasimama tena. Siku ya tatu akaja mezani kwangu, akafungua rejista, akapitisha kidole.

"Ameingia saa moja, anatoka saa nane," akasema. "Huyu anawaibia wananchi saa mbili kila siku. Tangu lini?"

Nilijibu, "Sijui, Bwana Afisa." Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na mke, mtoto wa miezi minne, na chumba cha kiwanda. Nikaona nikisema alama zile si za kweli, wa kwanza kufukuzwa ni mimi.

Mzee Shomari alipewa barua wiki ile ile. Kufukuzwa kazi kwa wizi wa saa. Hakujua kusoma vizuri, akaja nimsomee mimi. Nilimsomea. Akauliza, "Wizi? Wameandika wizi?" Nikasema ndiyo. Akaikunja barua, akaiweka kwenye kikapu, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Tausi.

Bibi Tausi alikuwa mfungaji sabuni na Mwenyekiti wa Kamati ya Wafanyakazi, ndiyo tawi la chama cha wafanyakazi pale kiwandani. Mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti. Sheria ya wakati ule ilitaka mwajiri akimfukuza mtu, Kamati isikilize kwanza. Wasipokubaliana, mfanyakazi ana siku chache tu za kupeleka lalamiko kwenye Baraza la Usuluhishi la wilaya. Siku hizo zikipita, umekwisha. Bibi Tausi alizijua sheria hizo kwa kichwa, ingawa darasani aliishia la nne.

Kamati ikaketi kwenye bwalo la chakula. Afisa Utumishi upande huu, Mzee Shomari upande ule, mikono mapajani. Akajieleza, hakupaza sauti. Bibi Tausi akanigeukia.

"Karani, mzee anasema anaingia saa kumi na moja alfajiri. Rejista inasemaje?"

"Rejista inasema saa moja."

"Na wewe unasemaje?"

Nikajitia hamnazo, nikasema, "Mimi naisemea rejista, Mwenyekiti."

Mzee Shomari alinitazama. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Alionekana kama mtu anayengoja nimalizie sentensi. Sikuimalizia.

Wajumbe wa Kamati walimtetea kwa utu wake, wakasema ni mtu wa swala na hajawahi kugombana na mtu. Afisa Utumishi akawajibu kwamba hakuja kuhukumu tabia ya mtu, amekuja na kitabu. Na kitabu kilikuwa changu. Kufukuzwa kukabaki palepale. Bibi Tausi akajaza fomu ya Baraza siku hiyo hiyo, kwa hasira, karatasi nusura itoboke. Mzee Shomari akatia sahihi ya taratibu, akafunga mizigo, akarudi kwao Kisarawe kwa mkewe kungoja.

Tulingoja wiki saba. Boila likapewa mtu mwingine, sabuni ikawa inachelewa kila asubuhi, na hakuna mkubwa aliyeuliza kwa nini.

Katika wiki ya tano habari ikaja kwamba mke wa Mzee Shomari, Bi Mwanahawa, amefariki. Alikuwa na maradhi ya kifua ya siku nyingi. Tulikwenda kuzika, wafanyakazi tisa kwenye lori la kiwanda. Bi Mwanahawa nilimjua. Alikuwa akija Kibaha mwisho wa mwezi, anapita dirishani kwangu, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, ananiachia mihogo miwili mitatu. Siku ile ya mazishi Mzee Shomari alinipokea kama alivyowapokea wengine, akanionyesha mkeka pa kukaa. Nilikaa. Chakula hakikunipita.

Tuliporudi, mlinzi wa getini, Mzee Lukas, Mngoni asiyependa maneno mengi, alinifuata ofisini akafunga mlango.

"Karani, madaftari ya wiki za mwisho kabla mzee hajafukuzwa ninayo. Ulipokwisha kuyanakili niliyatoa kwenye rundo la kuni, kabla hayajachomwa. Niliona mambo yanakwenda upogo nikayaficha, nikingoja useme wewe," akasema. "Nitayapeleka Kisarawe, kwenye Baraza. Yakisomwa, utaulizwa mbona hayalingani na rejista. Nakwambia mapema, usije ukasema nimekuchoma kisu mgongoni."

Nitasema ukweli, maana umri huu si wa kujipamba. Sikusema kweli kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu Lukas alikuwa amekwisha kunibana. Ingawa msiba ule nao ulikuwa umenielemea, sijui kama peke yake ungetosha.

Baraza lilikaa bomani Kisarawe, kwani sisi wa Kibaha mambo ya wilaya tulikuwa tukiyafuata huko. Afisa Kazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kulia kwake mjumbe wa waajiri, kushoto mjumbe wa wafanyakazi. Lukas akaweka madaftari mezani. Afisa Kazi akasoma penseli ile ya hovyo: saa kumi na moja na dakika tano, saa kumi na moja kasorobo, saa kumi na moja kamili. Akafungua rejista yangu, wino wa buluu, mistari imenyooka.

"Nani aliandika hiki?" akauliza.

"Mimi, Mheshimiwa."

"Kipi cha kweli?"

"Cha penseli."

"Kwa nini basi uliandika saa moja?"

"Rejista haina safu ya kabla ya hapo. Sikutaka kuchafua ukurasa."

Mjumbe wa waajiri aliinama akaficha uso. Nadhani alicheka, au alitaka kulia, sijui. Afisa Kazi akaniuliza kama Kamati niliieleza hivyo. Nikasema hapana. Akaniambia nikae.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Kufukuzwa kumetenguliwa, mzee arudishwe kazini kwake, na neno wizi lifutwe kwenye jalada lake. Mimi nilipewa onyo kali la maandishi, nikahamishiwa stoo kuhesabu magunia. Afisa Utumishi mwenyewe aliagiza rejista mpya zenye safu tupu mwanzoni. Alimwendea Mzee Shomari, akampa mkono, akamwomba radhi mbele ya watu. Sikulitarajia hilo. Mimi niliyekuwa namjua mzee miaka yote ile, sikuomba.

Mzee Shomari alirudi kwenye boila lake. Akafanya kazi miaka sita tena. Tukikutana ananisalimu vizuri, anauliza watoto. Nikajiambia yameisha, haki imepatikana, maji yamefuata mkondo. Moyo wa mtu ni hodari wa kujiombea msamaha wenyewe ukajikubalia.

Nilipostaafu, vijana wa stoo walinipa saa ya mezani na kanga ya mke wangu. Kukaa nyumbani kuna ubaya wake, unapata nafasi ya kufikiri. Nikaona siwezi kwenda mbele ya Mungu na jambo lile sijalitamka. Nikapanda basi mpaka Kisarawe, nikamkuta Mzee Shomari barazani kwake, macho yameingia ukungu. Nikamwambia shikamoo, akanijua kwa sauti. Mjukuu wake akatuletea mihogo ya kuchemsha. Tukala. Kisha nikasema, "Mzee wangu, nimekuja kuomba radhi. Siku ile ya Kamati nilijua ukweli, nikaumeza."

Akatafuna kwanza mpaka akamaliza.

"Nilishakusamehe zamani, Karani. Ulikuwa kijana na ulikuwa na mtoto mchanga. Kazi walinirudishia, na jina langu kiwandani walinirudishia." Akapapasa kipande kingine cha muhogo. "Lakini Mwanahawa hukumu hakuisikia."

Nikasema najua, nilikuja kuzika.

"Hujui," akasema. "Watu walimletea maneno kwamba hizo saa mbili nina mwanamke Tangini. Akaniuliza akiwa kitandani, Shomari, ukitoka saa nane ulikuwa unakwenda kwa nani? Nikamwambia nalala, Mwanahawa, naamka alfajiri, nachoka, nalala. Akaniambia nisimdanganye, kitabu kimesema naingia saa moja. Nikamwapia. Akasema, yule kijana wa dirishani namjua, ana adabu, hawezi kuandika uongo. Akageukia ukutani. Hakunigeukia tena."