Mashine Iliyopona Fundi Akiingia

Petronilla alikuwa mke wangu. Amekufa mwaka huu, mvua za kwanza zikianza. Siku ya mazishi watu walisema mengi juu yake. Habari ya mashine hakuna aliyeisema, na mimi sikuwa na sauti. Basi naiandika. Herufi zenyewe ni yeye alinifundisha, tukiwa watu wazima tayari. Zikipinda, msinicheke.

Alizaliwa Moding, kwa watu wa pamba na wimbi. Masista walimsomesha mpaka darasa la nane, wakamfundisha na kupiga taipu. Mimi ni Omagor wa Kocholia, mtu wa ng'ombe. Sikuingia darasa. Wenzake walimuuliza ameona nini kwangu. Alikuwa akijibu, "Huyu ananyamaza vizuri." Mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Miaka ile ya sabini, chama cha wakulima wa pamba kilikuwa na ofisi pale Malaba, karibu na reli. Kililetewa mashine ya kutoboa kadi. Ilikuwa hivi: kila mkulima ana namba yake. Akileta pamba, Petronilla anabonyeza namba ile na kilo zake, kama anayepiga taipu, na mashine inatoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kadi zinapanda treni ya Nairobi. Huko kuna kompyuta, inayosoma matundu na kujua nani ameleta nini. Mimi kompyuta hiyo sikuiona. Nilibeba magunia katika stoo ya chama hicho hicho. Petronilla alipelekwa Nairobi kujifunza, akarudi anakaa wima kwenye kiti kama mtu anayepigwa picha.

Alifanya kazi ile vizuri. Halafu, mwaka wa sabini na nne, msimu wa pamba, kadi zikaanza kurudi.

Nairobi walisema saba haipo. Mtu ambaye namba yake ina saba, kadi yake imekosa tundu la saba, na kompyuta haimjui. Pamba yake imekuwa pamba ya hakuna mtu. Mzee Oriokot alikuja ofisini na fimbo.

"Nairobi wanasema mimi sipo?"

"Ni mashine, mzee," meneja akamwambia. Meneja wetu alikuwa Osukuku, mtu mnene, mpole mpaka akasirike.

"Kama sipo, aliyegombana na mke wangu asubuhi ni nani?"

Watu walicheka. Petronilla hakucheka.

Osukuku akamwita fundi kutoka Kisumu. Na fundi aliyezunguka kutengeneza mashine za upande wetu wote alikuwa Callistus, kijana wa Matayos, aliyemwoa binti yetu Amuron.

Hapo lazima nieleze, maana watoto wa siku hizi wanaanza kusahau. Kwetu Wateso, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni. Mmoja akija kwa njia hii, mwingine anachepuka. Kiti alichokalia mama, mkwe hakalii. Kwa watu wa Matayos ni vile vile. Si chuki, ni heshima. Osukuku alijua, kila mtu ofisini alijua. Kwa hivyo hakuna aliyeshangaa.

Pikipiki ya Callistus ikisikika kwenye reli, Petronilla alisimama, akajifunga leso vizuri, akatoka kwa mlango, akazunguka nyuma mpaka jikoni. Huko Ziada alikuwa akichemsha chai ya ofisi. Callistus akaingia. Mimi nikaitwa kutoka stoo nibebe maneno katikati yao.

"Baba, muulize mama, inakosea saba peke yake?"

Nikaenda jikoni. "Anauliza, ni saba peke yake?"

"Mwambie saba peke yake. Lakini si kila saba."

Nikarudi. "Saba peke yake, lakini si kila saba."

"Asubuhi ama jioni?"

Nikaenda. Nikarudi. "Anasema haichagui."

Callistus alishika kile kiti cha mama kwa ncha za vidole, akakisogeza ukutani, kama mtu anayeondoa sahani ya mgeni. Akasimama kando ya meza, akainama, akabonyeza saba. Tundu likatoka. Akabonyeza tena. Akajaza kadi nzima saba tupu, akaiinua kwenye mwanga. Hakuna hata moja iliyokosa.

"Baba, hii ni nzima."

Hata hivyo aliifungua, akapuliza vumbi, akatia mafuta. Akaenda zake. Petronilla akarudi, akavuta kiti mahali pake, akakaa. Pikipiki haijavuka reli, saba ikapotea.

Callistus alirudi. Akabadilisha visu vya kutobolea. Aliporudi tena alileta kadi kavu ndani ya debe, labda zetu zimeingiwa na unyevu wa mvua. Halafu akaleta vibonyezo vingine kutoka Kisumu. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, na mimi nikamuuliza kwa nini asibadilishe vyote tulale.

"Baba, ugonjwa wa mashine ni kama mwizi wa kuku sokoni. Unawatoa watu mmoja mmoja mpaka abaki yeye. Ukifukuza watu wote, utamjuaje?"

Nikasema sawa. Nilichojua ni kwamba akiingia yeye, saba inakuja. Akiondoka, inaenda naye.

Ziada alikuwa mwanamke wa Busia, mdomo wake haukujua Jumapili wala Ijumaa. Alimmiminia Petronilla chai akasema, "Nyabo, mama yangu, mashine yako inamwogopa mkwe kuliko wewe. Itafika siku itoke nje kabla yako."

Wengine hawakutania. Walisema Petronilla ana mkono mbaya. Kuna waliosema amewekewa kitu na mtu anayetaka kazi yake. Mimi sikuamini, lakini sikuwa na neno lingine la kuweka mahali pake. Nyumbani nilimwona akipika huku kidole chake kinabonyeza meza. Kikae, kibonyeze.

"Omagor, hebu tazama kidole hiki. Kiko sawa?"

Nikakitazama sana. Kilikuwa kidole.

"Kiko sawa," nikasema.

"Basi ni nini?"

Nikaenda kufunga ndama.

Siku moja ya Jumatano Osukuku alimwita. Nilikuwa mlangoni na gunia begani.

"Mama Amuron, fundi akiwa hapa mashine ni nzima. Wewe ukikaa ni mgonjwa. Wakulima wananishika shati njiani. Kadi za treni ya Ijumaa zikienda mbaya tena, kiti hiki nampa yule msichana wa Busia aliyekuja kuomba kazi. Utanisamehe."

"Sawa, bwana meneja," akasema.

Alitoka akanipita kama hanioni. Baadaye aliniambia haikuwa kazi tu. Alisema watu wamempa majina yao ayafikishe Nairobi, na yanaanguka mkononi mwake, na hajui yanaangukia wapi.

Alhamisi Callistus akaja, ndiyo nafasi ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeshusha magunia ya Moding tangu asubuhi. Sikuwa nimekaa hata kidogo. Petronilla yuko jikoni, Callistus yuko ndani, na mimi katikati, nikibeba maswali mpaka nikaanza kumpelekea mama majibu yake mwenyewe.

"Hayo ni mimi nimesema," Petronilla akaniambia. "Yeye amesema nini?"

"Sijui tena."

"Nenda basi."

Nikarudi. Callistus amejiinamia juu ya mashine. Shati limelowa mgongoni.

"Baba, nilichosomea nimekimaliza. Kilichobaki sikijui."

Alibonyeza saba bila kutazama, kama mtu anayehesabu kwa huzuni. Ikatoka. Ikatoka. Nikaona kile kiti ukutani. Ni kiti cha mke wangu, mimi sina mwiko nacho. Nikakivuta mpaka mahali pake, pale miguu ya kiti ilipokuwa imekwaruza mbao za sakafu, nikakaa.

Callistus akatazama kadi. Akaitazama tena.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekaa."

"Saba haipo."

Niliruka. "Mwanangu, sikugusa kitu! Mikono yangu ni hii!"

Akabonyeza. Saba ikatoka.

"Kaa tena."

"Sikai."

"Baba, tafadhali, kaa."

Nikakaa kama mtu anayekalia jiwe la moto. Saba ikapotea. "Simama." Ikarudi. "Kaa." Ikapotea. "Simama." Ziada akatokea mlangoni na birika.

"Mnacheza mchezo gani, watu wazima nyinyi?"

Nikafikiri, kumbe kisirani ni changu. "Callistus," nikamwambia, "walisema ni mkono wa mama. Kumbe ni matako ya baba."

Kijana yule alikuwa na adabu. Hakunicheka usoni, aligeukia ukuta kwanza.

Kisha akalala kwa tumbo, akang'oa ubao chini ya kiti. Waya mnene unaotoka kwenye vibonyezo ulipita pale. Aliyefunga mashine zamani aliupitisha chini ya sakafu ili watu wasijikwae. Mtu akikaa kwenye kiti, ubao unabonyea, unaufinya waya. Callistus aliupasua mpira wake akanionyesha. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba nyingi kama nyuzi, na uzi mmoja, ule wa saba, umekatika. Ukifinywa, ncha zake zinaachana. Ukiachwa, zinagusana.

"Umekatika, na unafanya kazi?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Na mpira haukukatika?"

"Haukukatika."

Niliushika. Kwa nje ulikuwa waya mzima kabisa. Hata sasa nikifikiria, sielewi vizuri.

Callistus alikaa sakafuni, amekunja magoti. "Baba, mimi sikukaa hata mara moja."

"Ungekaaje? Ni kiti cha mama."

"Ndiyo hivyo."

Tukakitazama kile kiti. Yeye alifanya sawa. Petronilla alifanya sawa kutoka nje. Nilitafuta aliyekosea nikakosa. Hilo lilinichanganya kuliko waya.

Alifunga waya mpya, akaupitisha ukutani. Nikamwita Osukuku. Lakini Osukuku alikuwa amesikia neno "imepona" mara nyingi mno.

"Fundi akiwa ndani imepona, hiyo najua," akasema. "Leo nataka mama akae, na fundi awe hapo hapo, nione kwa macho yangu. Isipokuwa hivyo, kesho namwita msichana."

"Wote wawili?" nikauliza. "Chumba hiki?"

Osukuku ni Mteso. Alitazama viatu vyake. Lakini neno hakulirudisha.

Ni Ziada aliyetuokoa. Alifungua leso yake ya pili ya maua kiunoni, akapanda juu ya kreti ya soda, akaifunga kutoka msumari wa kalenda mpaka ukuta wa pili. Chumba kikawa viwili. Mashine huku, fundi kule.

"Haya," akasema. "Nyabo, ingia. Hapa hamna mkwe, mna maua tu."

Petronilla akaingia ameinamisha kichwa. Akakaa. Nilisikia ubao ukilia chini yake, na moyo wangu ukalia nao. Kule ng'ambo Callistus alingoja kadi.

Akabonyeza. Nilichukua kadi nikaipitisha chini ya leso, kama anayempelekea mgonjwa chakula.

"Saba ipo," sauti ya Callistus ikasema.

Nyingine. "Ipo."

"Haraka zaidi, kama siku ya kazi," Osukuku akasema. Petronilla akaenda mbio. Kadi zilianguka na mimi nikazipitisha, na kila moja ilijibiwa, ipo, ipo, mpaka Osukuku akavuka kwenda kuzishika mwenyewe mwangani.

"Mpige mzee Oriokot, ile namba yake."

Akampiga. Nikaipitisha kadi.

"Yupo," Osukuku akasema.

"Mke wake apewe habari," Ziada akasema.

Osukuku akakohoa. "Mama Amuron, kiti ni chako. Msichana atatafuta kwingine. Lakini treni ni kesho, na kadi zote zilizoharibika zipigwe upya."

"Nimeshaanza," Petronilla akasema. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Mwambie mwana, eyalama noi, asante sana. Mwambie Jumapili kuna jogoo wake. Na mwambie sasa wanipishe, nina magunia yote ya Moding hapa."

Sikuwa na haja ya kumwambia, lakini nilivuka. Callistus alikusanya vyombo vyake, akafunga sanduku, akageuka aondoke. Ndipo tukaona. Mlango ulikuwa upande wa mama.

Leso haiwezi kushushwa mama akiwa amekaa. Na yeye hakusimama. Callistus akanitazama. Mimi nikalitazama dirisha la upande wetu.

Tulitanguliza sanduku dirishani. Osukuku, meneja mzima, akamshika kijana shati asianguke. Mguu mmoja ukatoka, kisha wa pili. Nyuma ya leso mashine ilikuwa inapiga, haikusimama hata kidogo.