Nauli ya Mke wa Afande

Harufu ya gundi ya kuzibia pancha ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine hukumbuka vitumbua vya bibi zao. Mimi hukumbuka baba akiwa ameipindua baiskeli uani, magurudumu juu, anautumbukiza mpira kwenye karai la maji akitafuta viputo, nami nimechutama kando na kipande cha msasa. Tulikaa Busia upande wa Uganda, vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga muhogo, na unga ulitua juu ya kila kitu, hadi kwenye nyusi za baba. Alikuwa boda boda wa zamani, wa baiskeli, enzi zile pikipiki zilikuwa za matajiri na wahubiri. Kutwa nzima alivusha watu na mizigo kati ya Uganda na Kenya, na hakuamini kwamba duniani ipo kazi yenye heshima kuliko yake, isipokuwa ya mtu mmoja tu, Afande Radi.

Afande Radi alikuwa polisi, na jina hilo walimpa majambazi wenyewe, kwa kuwa aliwapiga kabla hawajamsikia. Pale stejini, akina baba walipongojea abiria, hadithi zake hazikuisha. Mara kamnyang'anya jambazi bunduki kwenye barabara ya Tororo kwa mikono mitupu, akamfunga kwa kamba za viatu vyake mwenyewe; mara kashinda ndani ya gunia la muhogo akiwavizia wezi wa ng'ombe. Kila msimulizi alitia chumvi yake, na sisi watoto tulikula yote. Hadithi moja tu haikuhitaji chumvi, maana ilikuwa yetu. Baiskeli ya baba iliibwa, tukaanza kunywa uji asubuhi na jioni. Afande akaikuta kijiji cha Lunyo imefunguliwa vipande vipande ndani ya gunia, akamlazimisha mwizi kuiunga, kisha akaisukuma mwenyewe kupitia katikati ya soko, gwanda limenyooka, hadi mlangoni kwetu. Baba akapiga magoti. “Simama, mzee,” Afande akasema. “Hii baiskeli yako.” Akakataa hata soda. Nilimpenda sana mtu yule, wala sioni haya kusema hivyo, kwa sababu alikirudisha chakula chetu.

Nyumba njema si mlango, waliosema hivyo walishaingia ndani. Likizo moja ya kiangazi bomba la mtaani lilikauka, mama akawa ananituma na dumu kwenye kota za polisi. Huko ndiko nilikomzoea mke wa Afande, Mteso wa Molo ya huku kwetu Uganda, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Tulimwita Mama Amoit kwa jina la bintiye, ambaye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Jua lilikuwa la kupasua midomo, naye alivaa mikono mirefu, kitambaa cha kichwa kikiwa kimeshushwa hadi kwenye nyusi. Kila nilipokwenda alinitilia njugu za kukaanga kiganjani. Siku moja aliinama kufungua bomba, mkono wa blauzi ukapanda, nikaona mkono wake umevimba, una rangi ya bilinganya. “Ni jiko,” akaniambia, ingawa sikuwa nimeuliza. Nilipomweleza mama, alicheka kicheko kibaya. “Jiko la Mama Amoit liko na miguu,” akasema. “Liko na buti pia.”

Kumbe wanawake wote walijua. Siri ya mtungi muulize kata, na majirani wa kota walikuwa na desturi ya kuongeza sauti ya redio kila kelele zilipoanza. Mama Amoit alishawahi kukimbilia kwao Molo. Kaka zake walimrudisha wenyewe, wamebeba jogoo wa kuomba radhi, wakaketi na shemeji yao kunywa pombe ya wimbi kwa mirija mirefu hadi jua likazama. Nani angetaka kumpoteza shemeji kama huyo?

Siku yenyewe nilikuwa nimempelekea baba viazi vitamu stejini. Mama Amoit akatokea, mtoto mgongoni, debe la muhogo mkavu kichwani, kama mtu anayekwenda kusaga. Lakini mashine alikuwa ameshaipita. Alimwendea baba moja kwa moja, kwa kuwa alimjua.

“Mzee, nivushe. Nipeleke Marachi, ng'ambo ya Kenya, kwa gari za Amukura. Dada yangu ameolewa huko.”

Baba alifuta kiti cha sponji kwa mkono wa shati lake, mwenye furaha kama bwana harusi. Mama Amoit akanipa lile debe nimwekee, akaketi upande, nao wakapotea kati ya malori. Viazi havijapoa, wakarudi. Baba alikuwa akipiga kengele ili watu wapishe. Mama Amoit hakulia. Alishuka, akanyoosha mikono, nami nikampa debe lake. Akajitwika, akapanda tena, na baba akampeleka kota.

Yaliyotokea huko kati tuliyapata jioni kwenye sinia la ugali, na baba aliyasimulia kwa majivuno. Walikuwa wameshavuka kizuizi cha Uganda, cha Kenya kiko mbele yao, mama yule akamwambia, “Kanyaga haraka, mzee. Mimi sirudi. Nikirudi ataniua.” Ng'ambo ya kizuizi kile gwanda la Afande lilikuwa nguo tu. Kila mwizi wa Busia alilijua hilo, na wengi waliponea hapo. Ndipo baba akageuza usukani.

“Nimemwambia, wagombanao ndio wapatanao,” akasema. “Afande ni mtu yetu. Hata nauli nimekataa. Wema hauozi.”

Mama aliliacha tonge lake. “Umerudisha yeye?”

“Mpaka mlango. Afande mwenyewe amenishika mkono, amesema asante.”

“Na ule mkono mwingine,” mama akauliza, “ulikuwa nashika nani?”

Baba akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mama aliinuka akaenda kukaa nje, na usiku ule hakula.

Mama Amoit alifariki kabla ya mvua za Machi. Ikasemwa aliteleza kwenye jiwe la bafuni. Matanga yalijaa watu kutoka Molo hadi Bulumbi, wakubwa wa polisi wakakaa chini ya turubai, na kila aliyefika alimpa Afande pole kwa mikono miwili. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliomwosha marehemu. Walipotoka ndani hawakupiga yowe kama ilivyo ada. Walisimama tu mlangoni, na mama akapita mbele hadi kwenye turubai, mikono bado inadondosha maji.

“Mtu akianguka, naanguka mara moja,” akasema, akimtazama Afande. “Huyu alikuwa naanguka kila mwaka. Sisi tumeosha, sisi tumeona.”

Mkubwa mmoja alikohoa, katekista akaanzisha wimbo, na watu wakaupokea kwa nguvu zote kama watu waliookolewa. Lakini neno lilikuwa limetoka. Watoto tukaacha mchezo wetu wa Afande Radi, ambao zamani tuligombana kila mtu akitaka kuwa yeye, na stejini hadithi zake zikakoma. Nilidhani sasa atakamatwa. Nilikuwa mtoto. Kilichokuja ni lori la serikali, likapakia vitanda na viti, na Afande akahamishwa wilaya nyingine, Amoit amelala mapajani mwake. Tulisikia baadaye kwamba huko amepandishwa cheo, na ameoa.

Baba aliendelea na ile baiskeli kwa kuwa tulikula kwayo. Kengele aliing'oa. Nilimchukia, nikampenda, nikachoka kuvichanganya viwili hivyo, naye akafa bila kulitamka jina la yule mama hata mara moja.

Mwezi uliopita nilitoka Tororo, ninakoishi, kwenda kupalilia kaburi la baba. Mpaka wa Busia siku hizi una majengo makubwa na mashine za kusoma vidole, na vijana wa pikipiki wamejaa. Wanawake bado wanakimbia, bado wanarudishwa, ila sasa wanarudishwa upesi zaidi. Kijana aliyenibeba alikuwa msemaji. Bila kuulizwa akanihadithia habari za polisi mmoja wa zamani, Radi, aliyekula risasi akazitema.

“Watu walikuwa napenda yeye, mama! Hata bibi yake akipotea, boda boda walikuwa narudisha yeye nyumbani, bure kabisa.”

Nilimwambia aliyemrudisha alikuwa baba yangu, na kwamba yule mama aliuawa. Upepo ulikula nusu ya maneno yangu. Nilipotoa nauli, kijana aliusukuma mkono wangu kwa heshima, uso umemnawiri.

“Hapana, mama. Kumbe wewe ni mtu wa Afande! Leo si nachukua kitu.”

Akawasha pikipiki akaondoka, akanipigia honi kwa mbali. Nikabaki na noti mkononi mbele ya kaburi la baba.