Jembe la Siku ya Nne

Mgeni hulala siku tatu bila kuulizwa neno. Siku ya nne hushika njia, au hushika jembe. Katika kitongoji hiki cha kata ya Puge, wilayani Nzega, sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna mtoto aliyeota meno asiyeijua. Jembe lenyewe hutundikwa juu ya mlango wa nyumba ya wageni, ili mwenyeji asilazimike kufungua kinywa.

Saa kumi na mbili asubuhi, jembe halipo juu ya mlango. Limo mikononi mwa Octavian, msimamizi wa kikosi cha ujenzi wa barabara, mwanamume wa miaka thelathini na sita. Ameinama katika shamba lililo nyuma ya nyumba, buti zimelemewa na matope, kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa. Anainua matuta. Hii ni siku yake ya tisa ya kulima.

Kando ya shamba, juu ya kigoda, ameketi mtunza nyumba, Imakulata Mahona, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Anabangua karanga, lakini macho yake hayako kwenye karanga.

"Hilo limepinda," anasema. "Livunje, ulianze upya."

Mwendesha bodaboda anayepita njiani anapunguza mwendo. "Fundi! Barabara imekushinda, umehamia kilimo?"

"Endesha pikipiki yako, bwana," Octavian anajibu bila kuinua kichwa.

Imakulata hacheki. Ana hasira ya miezi kumi na minne, na hasira ya namna hiyo haimalizwi na mzaha wa barabarani.

Nyumba anayoitunza huitwa kigono. Neno hilo liliachwa hapa na wapagazi waliopita njia hii wakielekea pwani na pembe begani, na wakazi wamelishika kwa heshima kama mtu ashikavyo chombo cha babu yake.

"Kigono si nyumbani, wala si kambi," anaeleza Imakulata. "Ni mahali pa kulala mtu aliye safarini. Ukitamka kigono, umekwisha kusema kwamba mtu huyu ana kwake, na kwamba ataondoka. Wazee walipimia hata njia. Kutoka hapa hadi Tabora walisema ni vigono vitatu kwa mwenye mzigo. Neno lina mwisho ndani yake."

Babu wa mumewe, kwa masimulizi ya ukoo, alirudi kutoka pwani akiwa mgonjwa, akaokolewa na watu wasiomjua waliomlaza na kumnywesha uji. Alipopona aliweka nadhiri, akajenga kibanda hapa. Kimejengwa upya mara nne, na sasa kina vyumba viwili vya matofali na paa la bati.

Imakulata alikabidhiwa nyumba hiyo mumewe alipofariki, miaka ishirini na miwili iliyopita. Hufagia, huteka maji, huanika mikeka na hulinda moto usizimike. Ujira wake ni magunia mawili ya mahindi kwa mwaka, kutoka katika shamba hilohilo la kigono; yanayobaki ni chakula cha wageni. Chumvi na sabuni hununua kwa kuuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Kwa siku ya kawaida hupata shilingi elfu tatu. Siku ya gulio huweza kufika elfu saba.

Wapagazi hawapo tena, lakini njia haijakauka. Siku hizi hulala hapo wazee wanaokwenda hospitali, wauza mbuzi waliokosa gari, na zaidi ya wote kina mama waja wazito kutoka vijiji vya ndani, wanaotembea kutwa ili asubuhi wapande gari la kwanza.

Mtunza kigono amefungwa na katazo moja kuu: hamuulizi mgeni ataondoka lini. "Kumuuliza mtu siku ya kuondoka ni kumfukuza kwa ulimi laini," anasema. "Kazi hiyo tumeliachia jembe."

Octavian alifika mwezi wa Oktoba, mwaka juzi, na watu wanane, kujenga barabara ya changarawe ya kuelekea vijiji vya ndani. Aliomba mahali pa kulala kwa wiki mbili.

"Tupo kwa muda tu, bi mkubwa," alisema.

Alipewa vyumba vyote viwili. Siku ya nne, alfajiri, jembe halikuonekana juu ya mlango. Habari zilienea kitongoji kizima kabla ya jua kupanda. Wageni wameshika jembe! Wamekubali sheria, watalima na wenyeji! Wanawake walipiga vigelegele, na mtu mmoja alichinja jogoo.

Hakuna aliyekwenda kutazama jembe limepelekwa wapi. Lilikuwa kwenye karavati, daraja dogo la barabara, linachanganya zege. Kijana mmoja wa kikosi alikosa chepeo, akamuuliza msimamizi wake, naye akamwambia achukue lile lililotundikwa mlangoni.

Kosa hilo dogo lilimfunga Imakulata mdomo. Elieza, mwenyekiti wa kitongoji, anafafanua: "Aliyeshika jembe si mgeni tena. Ni mwenzetu, na mwenzako humtoi ndani ya nyumba. Unamngoja tu mvua inyeshe, ulime naye."

Mvua ilinyesha. Imakulata alimwendea Octavian na kumpa fununu kwa adabu yote aliyofunzwa. "Nilimwambia, 'Baba, mvua imeanza.' Akanijibu, 'Tunashukuru, bi mkubwa, paa halivuji.'"

Mwaka huo alilima peke yake, kwa jembe la kuazima.

Wiki mbili zikawa miezi mitatu, miezi ikawa mwaka. Chumba cha pili kikajazwa mifuko ya saruji. Kisha mlangoni pakatiwa kufuli, nalo kufuli katika nyumba ya wasafiri ni tusi. Imakulata aliwalaza wageni jikoni kwake, watatu watatu, miguu yao ikigusa mafiga. Wengine walitazama kufuli, wakageuka na kwenda zao.

"Kila nikimtazama, ananiambia 'kwa muda'," anasema, na hapo karanga zinamponyoka mkononi. "Muda gani? Hata milima ipo kwa muda! Neno hilo ni gunia lisilo kitako. Unatia siku, unatia miezi, wala halijai. Mtu mwenye haya husema kigono, akaondoka."

Desemba iliyopita, saa kumi jioni, Magreth, mkulima wa miaka ishirini na minne, alifika na wifi yake baada ya kutembea tangu alfajiri. Uchungu ulikuwa umemshika njiani. Mvua ilikuwa inamwagika, na jiko la Imakulata, ambamo hulala mwenyewe, lilikuwa limeanguka ukuta mmoja siku mbili kabla. Imakulata aligonga mlango wa kigono.

"Nyumba imejaa, mama," Octavian alijibu kutoka ndani. "Saruji ikiingia maji ni hasara yangu."

Magreth alijifungua kwenye baraza ya nje, juu ya gunia tupu, Imakulata na wifi mtu wakiwa wameshika kanga kuzuia mvua. Mtoto alilia. Mama yake alipoteza damu nyingi mno, akafikishwa kituo cha afya kwa bajaji iliyosukumwa nusu ya safari. Wote wawili wako hai. Mtoto ameitwa Kabula, kwa kuwa alizaliwa mvuani.

"Jina zuri," anasema Imakulata. "Lakini mvua ile haikuwa haki yake. Haki yake ilikuwa imelaliwa na mifuko ya saruji."

Kesho yake baada ya uzazi huo alisimama katika baraza la kitongoji, Octavian akiwa ameitwa. Hakulalamikia kelele, wala kodi, wala kufuli. Aliuliza jambo moja: "Huyu alishika jembe. Shamba lake liko wapi?"

Hapo ndipo Octavian alipoelezwa sheria kwa mara ya kwanza. Alisema hakuijua. Elieza alimjibu kwamba hakuijua kwa sababu katika miezi kumi na minne hakumuuliza mtu yeyote jambo lolote, isipokuwa bei ya kuku. Octavian alitoa shilingi laki tatu, akaziweka mezani. Imakulata alizirudisha kwa ncha ya kidole.

"Pesa hailimi."

"Basi nitaleta vibarua, mama, walime leo hii hii."

"Vibarua hawakumfungia Magreth mlango."

Hukumu ilikuwa nyumba ihamwe, na msimamizi alime ekari nzima ya kigono kwa mkono wake, kwa jembe lile lile. Alicheka, akaondoka. Kuanzia saa hiyo hakuna aliyewauzia watu wa kikosi maji, kuni wala unga, wala aliyeitikia salamu yao. Mpishi wao aliacha kazi. Siku ya kwanza Octavian alitukana. Ya pili aliteka maji mwenyewe. Ya tatu aliwahamishia watu wake kwenye mahema, ng'ambo ya kijito. Siku ya nne alikuja na lile jembe mkononi, kuuliza shamba linaanzia wapi.

Leo, saa saba mchana, tuta la mwisho limenyooka. Imakulata anatembea mstari mzima akiugusa udongo kwa fimbo. Octavian analiosha jembe kijitoni, analileta kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Kwa miezi kumi na minne salamu yake ilikuwa "Mambo vipi, bi mkubwa?"

"Marahaba." Analikagua jembe kwa kidole gumba: zege lililoganda shingoni limekwanguliwa lote. "Deni lako limekwisha. Hasira yangu bado, kwa kuwa hiyo haina shamba la kulimiwa."

Analitundika juu ya mlango.

Nyuma ya nyumba kuna tanuri la matofali ambayo Imakulata ameyafyatua mwenyewe tangu Desemba, elfu moja na mia mbili. Anakusudia kujenga chumba cha tatu, cha kina mama waja wazito peke yao, kabla mvua za mwaka ujao hazijafika. Bado anahitaji bati kumi na mbili. "Mlango wake hautakuwa na tundu la ufunguo," anasema. "Nitamwambia seremala asilitoboe kabisa."

Mawingu yanafunga upande wa Igunga, na matone ya kwanza yanapiga bati. Kijito kimeshaanza kujaa. Kuyafikia mahema leo haiwezekani. Octavian anasimama chini ya ukingo wa paa, pale pale alipozaliwa Kabula, hathubutu kuuliza.

Imakulata anausukuma mlango ukafunguka.

"Mkeka uko ndani," anamwambia. "Leo ni siku ya kwanza."