Siku Moja ya Mfungo Kasulu

Mwalimu wetu wa somo la Dini za Dunia hakupenda wanafunzi wa kukariri. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, katikati ya miaka ya tisini, alitupa kazi ya likizo: kila mmoja akashinde siku nzima na waumini wa dini isiyo yake, afanye wanayoyafanya, kisha aandike kurasa kumi. "Msiniletee ya vitabuni," alisema. "Vitabu ninavyo."

Nikapanda treni mpaka Kigoma, kisha lori, hadi nyumbani Heru Juu, nikijua fika kwamba kazi hii itanitia matatani. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo pale kijijini. Nilipochaguliwa kwenda kusoma dini chuo kikuu, maneno yalikuwa mengi. Bibi mmoja wa kanisani, aliyeuza maharage sokoni Kasulu, alisimama ibadani akamwambia Baba mbele ya watu wote kwamba binti akisomeshwa dini za watu atarudi na dini za watu. Baba, ambaye hasira zake nimezirithi zote bila kubakiza, akajibu palepale: "Siku mwanangu akigeuka, mimi nitashuka kwenye mimbari hii na sitapanda tena." Na Baba akisema, amesema.

Basi nilipomweleza kazi ya mwalimu aliendelea kuziba pancha ya baiskeli yake. Mwishowe akasema, "Nenda. Ila usinifiche kitu." Nikaahidi.

Ilikuwa Februari, na mwaka ule Ramadhani iliangukia humo. Mvua ilikuwa imekatika wiki ya tatu, mahindi yameanza kukunja majani. Nikaenda mjini Kasulu kwa mama mmoja mwenye duka la vitenge, mzaliwa wa Tanga, ambaye mumewe alikuwa Kibondo akifuata biashara iliyokuja na kambi za wakimbizi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Yaani mwanangu, chuo kikuu kizima kimekutuma kwangu uje ushinde na njaa?"

Lakini alinipokea vizuri mno. Nililala kwake, akaniamsha kula daku, akaniazima ushungi. Adhuhuri ilipofika akanipeleka kwenye bomba lililokuwa mbele ya duka anifundishe kutawadha. Nilikuwa kwenye mguu wa kushoto nilipomwona yule bibi wa maharage anapita, kapu kichwani. Alisimama. Akanitazama kuanzia ushungi mpaka vidoleni.

"Ehee," akasema. Basi, hilo tu, akaenda zake.

Nikataka kumkimbilia nimweleze. Mama wa duka akanishika mkono. "Maliza mguu kwanza!"

Mchana ule ulikuwa mrefu, jamani. Saa nane nilimchukia kila mtu aliyepita anatafuna muwa. Ili nisahau tumbo nikawa nauliza: kwa nini mguu wa kulia kwanza, kwa nini mgonjwa hafungi, kwa nini hili, kwa nini lile, naandika kila kitu kwenye daftari. Mama wa duka akachoka. "Wewe mwanangu mdomo umeufunga kwa chakula tu!" Lakini kila swali alilijibu, na yaliyomshinda alisema yamemshinda. Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda.

Saa kumi na mbili haijagonga, nikasikia baiskeli inaegeshwa ukutani. Alikuwa Baba. Shati limelowa jasho, suruali imekuwa nyekundu kwa vumbi.

"Hodi," akasema, macho kwenye ushungi wangu.

"Karibu mzee," mama wa duka akajibu.

Hakuketi. "Nimeambiwa umesilimu. Nimeambiwa shambani, nimeambiwa kisimani, nimeambiwa njia nzima. Sasa niambie wewe."

"Hapana, Baba. Nimefunga leo tu. Ushungi nimeazimwa."

Akanitazama. Nami nikamtazama, maana sikuwa na cha kuficha.

"Haya," akasema, akajitupa kwenye benchi la wateja.

Mama wa duka akamletea chai na chapati. Akamwambia yeye ni mgeni, tena ametoka mbali, ale tu asitungoje. Baba akakiweka kikombe chini. "Nitangoja na nyinyi," akasema. Tukakaa watatu tunaiangalia chai ikipoa.

Adhana ilipoita, mama wa duka akaomba dua yake kimyakimya na Baba akafumba macho akaomba yake. Kisha tukanywa uji, tukala tambi na viazi. Baba alikula kama mtu aliyefunga tangu alfajiri. Mama yangu alikuja kuniambia baadaye kwamba habari zilimfikia Baba akiwa bado shambani, na tangu hapo hakutia kitu mdomoni, hata maji. Niliposikia hivyo nililia, na sikuona haya.

Jumapili alipanda mimbarini kama kawaida yake. "Mmesikia binti yangu amegeuka," akasema. "Yupo pale, benchi la tatu. Mwenye swali amuulize yeye, mimi msiniulize."

Yule bibi wa maharage akainuka, taratibu, anashikilia benchi la mbele yake. Nami nikajiandaa. Majibu ninayo, makali, ya kumkalisha chini.

"Hao wa mjini," akauliza, "nao huwa wanaomba mvua?"

Makali yakaniishia. "Wanaomba, bibi."

"Basi ukirudi huko waambie waongeze bidii. Maharage yangu yanakauka."

Kanisa zima likaangua kicheko. Baba naye alicheka, ameishikilia mimbari kwa mikono miwili, kisha akafungua Biblia akaanza kusoma somo la siku.