Krauni Niliyoifumbata

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa jino la mtu. Nilipewa kioo kinene na kijiko bapa cha chuma, nikaambiwa nichanganye simenti. Ilikuwa kliniki ndogo ya meno Kawempe, miaka michache baada ya vita, nami Mkenya niliyevuka mpaka kumfuata mume aliyeuza vipuri huko. Daktari Mkuu, mzee mpole, alisimama nyuma yangu.

"Kidogo kidogo, mwanangu. Poda ukiimwaga yote itapata moto, igande kabla hujafika kwa mgonjwa."

Kioo tulikipoza kwa maji ya mtungi, kisha tukakikausha kabisa, maana tone moja tu huharibu simenti ya zinki. Simenti hiyo, vijana, haikunata hasa. Ilijaza nafasi kati ya jino lililochongwa na krauni, yaani kofia inayovishwa jino, ikaibana kama kabari. Kwa krauni za chuma zilizopakwa kauri ilitosha. Nimeona zikikaa miaka na miaka, kwa hiyo msinicheke.

Mzee alipostaafu akaja Daktari Kijana na krauni za kauri tupu. Hizo zilitaka gundi. Ndani ya krauni hukwaruzwa kwa asidi, hupakwa dawa ya kuunganisha, kisha gundi, kisha taa ya buluu ya kuigandisha. Lakini gundi hiyo ina masharti kuliko mganga. Ukishaijaribu krauni mdomoni, mate yameingia. Sharti uisafishe tena kwa asidi, uioshe, uikaushe, ndipo uendelee. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

Siku moja akaja sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, jino la mbele limevunjika na kesho yake ana gwaride. Krauni ikajaribiwa, ikakaa vizuri, nikaipokea niisafishe. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Leta, nyabo. Pangusa na pamba tu," daktari akasema, akiniita bibi kwa Kiganda.

"Ina mate, daktari."

"Nani daktari hapa?"

Nikaifumbata. "Ni wewe. Lakini sikupi mpaka niisafishe."

Akanifumbua vidole mbele ya mgonjwa, akaichukua, akaibandika. Jioni akaniambia nikae nyumbani Kyebando mpaka nijifunze adabu. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na biashara ya mume wangu ilikuwa imelala. Niliogopa, sitaficha. Lakini kuomba radhi nilikataa katakata.

Wiki ya tatu nikaitwa. Sajini alikuwa kitini, krauni kiganjani. Ilimtoka sokoni Kalerwe akila mahindi ya kuchoma. Daktari akanivuta kando.

"Nyabo, kazi yako iko. Wewe mwambie tu ni mahindi ilitoa hiyo kitu. Wewe anakuamini."

Damu ilinichemka. Mkate wa watoto wangu kwa uongo mmoja! Nikaenda kwa sajini.

"Mama, ni mahindi yangu iliharibu?" akauliza.

"Hapana, afande. Mahindi hayana kosa. Tuliibandika juu ya mate. Kosa ni letu."

Daktari akainamia trei yake. Sajini akamtazama, kisha akanigeukia.

"Basi wewe mama safisha. Mimi nangoja hapa, hata mpaka jioni."

Nikakwangua gundi ya zamani, nikatia asidi, nikaosha, nikakausha, polepole kwa makusudi. Daktari alisimama akingoja, na krauni haikumfikia mpaka niliposema iko tayari. Hakunifukuza. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, hatukupendana hata siku moja, ila hakunihimiza tena.

Sasa nimestaafu. Wasaidizi vijana huniambia, "Mama, ukaidi ule ungekukosesha kazi." Ni kweli, ungenikosesha. Kuheshimu wakubwa nilifunzwa tangu utotoni, na heshima nilimpa. Lakini mdomo ule haukuwa wake wala wangu. Ulikuwa wa sajini. Nikizaliwa tena nitakataa tena, na safari hiyo hata nyumbani siendi.